Pensheni ya Sikio la Kushoto

Ulipolikunja gazeti wiki jana, msomaji wangu, Sajini alikuwa amekaa mbele ya meza ya ofisa wa kodi, mikono juu ya magoti, mgongo umenyooka utadhani bado yuko gwarideni. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa kulia kwake, mkoba ameubana kifuani. Na ofisa wa kodi, dada mwenye sweta lililofungwa vifungo hadi shingoni kwa sababu ya baridi ya kiyoyozi, alikuwa ametupa swali moja tu:

"Baba, wewe ulistaafu, au ulistaafishwa?"

Sajini alijibu hapo hapo, bila kupepesa.

"Ndiyo, afande."

Kalamu ya ofisa ikasimama hewani. Mtu mmoja kwenye foleni nyuma yao akacheka, kisha akajifanya anakohoa.

"Ndiyo ipi, baba?" Ofisa aliinua uso kutoka kwenye makaratasi. "Nimekupa mawili, chagua moja."

Sasa Sajini aliitazama midomo yake. Aliinama mbele kidogo, akakunja uso kama mtu anayesoma kibao cha mbali.

"Nilistaafu," akasema. "Mwenyewe. Kwa miguu yangu."

Kwa wewe unayetuingilia leo katikati ya safari, usihangaike, kisa ni kifupi. Tangu avue magwanda, Sajini alikuwa anapokea pensheni ya jeshi kila mwezi, na juu yake mshahara wa dereva wa gari la shule. Kodi ya mshahara ilikatwa na shule. Kodi ya pensheni haikukatwa na yeyote, na Sajini hakuiuliza, maana aliamini lile ambalo kila mwanajeshi mstaafu huliamini: kinachotoka jeshini kimeshanyolewa huko huko. Basi ofisi ya kodi ikaja kuziona pesa zake mbili zikitembea njia mbili, ikazikutanisha, ikamwandikia kwamba kuanzia mwisho wa mwezi huu pensheni itakatwa karibu nusu, ya sasa na ya nyuma.

Na pensheni hiyo ndiyo iliyokuwa ikilipa nyumba. Kodi ya serikali ilikuwa inakuja kula kodi ya nyumba.

Ofisa hakuwa mtu mbaya. Aliwaeleza polepole, kidole kikitembea juu ya meza kana kwamba kuna ramani pale. Pensheni ya mtu aliyestaafu, alisema, serikali inaihesabu kuwa kipato kama mshahara. Ukiwa na kazi nyingine, vyote viwili vinajumlishwa, na jumla ikipanda, kiwango cha kodi nacho kinapanda. Lakini mwanajeshi aliyestaafishwa kwa sababu ya jeraha la kazini, huyo pensheni yake si kipato. Ni pole. Na pole haikatwi kodi.

"Neno ni lile lile," alisema, "moja limeongezwa mkia tu. Lakini kwenye huo mkia ndipo mlipo ninyi, au hampo. Ndiyo maana nauliza kila mtu, hata nikimwona mzima."

"Mimi mzima," alisema Sajini.

Mkewe alikuwa ameganda.

Alikuwa anaitazama ile nafasi kati ya mumewe na ofisa. Ofisa alikuwa ng'ambo ya meza, upande wa kushoto wa Sajini. Swali la kwanza aliliuliza uso ukiwa kwenye makaratasi, na Sajini akajibu ndiyo. La pili aliliuliza uso ukiwa juu, na Sajini akajibu vizuri. Fundi alizoea kutazama vitu hivyo, pindo la kushoto likiwa fupi kuliko la kulia. Jicho lake lilikataa kuondoka.

"Dada," akamwambia ofisa, na sauti ikamtoka ndogo. "Nadhani hakusikia swali."

"Nimesikia," alisema Sajini, maana hili lilitoka kulia.

Ofisa aliwatazama wote wawili. Kisha akainama, akavuta droo ya chini kama anayetafuta kitu, kichwa chake chote kikapotea nyuma ya meza, na kutoka huko chini akauliza kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Una watoto wangapi, baba?"

"Ndiyo, afande."

Safari hii hakucheka mtu.

Ofisa alifunga droo taratibu. Sajini aliona nyuso zao zimebadilika, akajua amekosea, lakini hakujua amekosea wapi. Na hilo, ndugu msomaji, ndilo lililomuumiza mkewe kuliko lingine lolote: lile jicho la mume wake likihama kwake, kwa ofisa, kwake tena, likitafuta swali lilipita wapi.

Ofisa alishusha sauti, lakini safari hii aliielekeza midomo yake kwa Sajini wazi wazi. Kuna njia, alisema. Mtu anaweza kuomba jalada lake liangaliwe upya. Bodi ya madaktari inampima, inatafuta kama jeraha lilitokea kazini na kama alikuwa nalo siku anaondoka. Ikithibitika, neno linabadilishwa. Pensheni inaguswa na yeye tu, na kodi ya nyuma inafutwa. Mshahara wa udereva unabaki peke yake, na peke yake ni mdogo, kodi yake haisumbui.

Mke wa Sajini alihisi kicheko kinampanda kooni. Alikuwa ameingia humu akijua wanahama nyumba. Sasa mlango ulikuwa umefunguka mbele yao, tena na mtu wa kodi mwenyewe. Aliutafuta mkono wa mumewe chini ya meza.

"Ila nikuulize," alisema ofisa. "Hilo gari la shule. Wewe ndiye dereva mwenyewe, au msimamizi?"

"Dereva."

Ofisa akavua miwani.

"Basi ujue mapema, nisije nikaonekana nimekuficha. Bodi ikiandika, haiandiki mahali pamoja. Ikisema hili sikio halisikii, wa leseni nao watasoma. Leseni ya kubeba abiria utairudisha."

Mkono ule chini ya meza ukachomoka.

Sajini alisimama. Aliweka kiti mahali pake, kikalingana na ukingo wa meza. "Asante, afande," akasema. "Andika nilistaafu." Akageuka kijeshi, akatoka, na foleni nzima ikampisha.

Mkewe alibaki nyuma sekunde mbili tatu, akigombana na zipu ya mkoba. Ofisa alimshika kiwiko. Akamwambia ofisi ya pensheni iko ghorofa ya juu ya jengo hilo hilo, yeye mwenyewe atapanda aombe kuliona jalada. Wakati mtu anaondoka jeshini, alisema, huwa kuna taarifa za hospitali, na mara nyingine mtu wa ustawi wa jamii hutumwa mpaka nyumbani kuuliza familia. Kukiwa na lolote linalomsaidia, atapiga simu leo leo.

"Aliwahi kuja mtu nyumbani kwenu?"

"Sikumbuki," alisema mke wa Sajini.

Na alisema kweli. Alikuwa hakumbuki.

*

Gari la shule lilikuwa limeegeshwa chini ya ukuta wa nyuma wa ofisi, mahali penye kivuli chembamba. Lilikuwa safi kupita kiasi. Hata matairi yalikuwa yamepakwa rangi. Sajini alikuwa ameshakaa kwenye usukani. Mkewe alizunguka, akapanda upande wa abiria. Kushoto kwa Sajini.

Alisema jambo. Hakujibiwa. Akanyoosha mkono akamgusa bega, na Sajini akageuza uso.

"Nimesema, tangu lini?"

Sajini alishika usukani kwa mikono yote miwili ingawa injini ilikuwa imezimwa.

"Umenivua nguo mbele za watu," alisema.

"Mimi nimekuvua? Wewe ulikuwa umevaa nini miaka yote hii?"

Sajini alikuna-kuna usukani kwa kucha. Halafu akaanza kusimulia, kwa sauti ile ile aliyokuwa akitolea taarifa ya doria. Alikuwa mtu wa redio, hilo mkewe alilijua. Mazoezini, kombora moja lilipasuka kabla ya wakati wake, na yeye alikuwa amelala chini, kipokea sauti kimebanwa kwenye sikio la kushoto. Yote mawili yaliingia pamoja, mlipuko wa nje na mlio wa redio. Alitoka damu. Hospitali ya kambi ikamsafisha, ikamwambia arudi kuangaliwa. Hakurudi. Mtu wa redio asiyesikia ni sawa na mpishi asiyeonja. Angepelekwa stoo kuhesabu mablanketi.

Kwa hiyo akajifunza. Alijifunza kusoma midomo. Alijifunza kuwaweka watu kulia kwake. Na asiposikia, alikuwa na jibu moja linalofaa mahali pote jeshini, ambalo hakuna mkubwa aliyewahi kulikasirikia.

"Ndiyo, afande," alisema mkewe.

"Siku ya kukaguliwa kuondoka, daktari alipita nyuma yetu kwenye mstari akiuliza. Sijui aliuliza nini. Nikajibu hivyo. Mimi nilistaafu kabla hawajanistaafisha. Niliondoka na heshima yangu, hawakunitupa. Leo niende niwapigie magoti waandike kwamba walinitupa?"

Mkewe alitaka kukasirika. Alikuwa na haki ya kukasirika, na hasira ilikuwa tayari mlangoni. Lakini badala yake alijikuta anafikiria kitanda chao.

Upande wake ulikuwa ukutani. Kushoto kwa mumewe. Tangu waoane.

Alifikiria maneno yote aliyoyasema pale taa ikizimwa. Alipopata ujauzito wa pili alimwambia pale. Aliporudi kwenye masomo ya jioni akiogopa wenzake wadogo watamcheka, alimwambia pale. Usiku mtoto alipowaka homa alimwita pale, akamwita tena, na Sajini akalala fofofo, yeye akalia peke yake akimkanda mtoto kwa kitambaa cha maji. Asubuhi akawaambia majirani wanawake, wakati wanaanika nguo, kile alichokuwa akikisema kila mara, na wote wakavunjika mbavu: huyu wangu anasikia vizuri sana, ila anasikia anachotaka. Ulikuwa umekuwa wimbo wake. Watu walikuwa wakimwona Sajini anapita wanasema, huyo anakuja bwana anachotaka. Sajini naye alikuwa akicheka nao. Sasa alijua kwa nini. Alikuwa akicheka kwa sababu wao walikuwa wanacheka.

"Nilidhani unanidharau," alisema. "Kumbe nilikuwa naongea na ukuta. Yale yote niliyokuwa nakwambia usiku, nilikuwa naliambia sikio lililokufa?"

"Nilikuwa najibu."

"Ulikuwa unasema ndiyo."

"Mke akikuuliza kitu gizani, 'ndiyo' ndiyo yenye hasara ndogo."

Wakatazamana. Kicheko kilimponyoka mke kabla hajakizuia, na Sajini naye akatabasamu kwa upande mmoja, na kwa kitambo kidogo walikuwa wale vijana wawili waliokutana kwenye harusi ya binamu, yeye akiongea, yule akitazama midomo tu. Wakati ule alidhani ni mapenzi. Pengine yalikuwa mapenzi pia. Masikio yote mawili yalikuwa mazima wakati ule.

Kicheko kikaisha.

"Na watoto wa watu?" aliuliza.

Sajini akatazama saa kwenye dashibodi. "Sijawahi kukwaruza hata kioo," alisema. "Kaa hapo hapo. Twende ukaone mwenyewe."

*

Watoto walikuwa wamejipanga getini wawili wawili. Walipomwona mke wa Sajini kwenye kiti cha mbele, kukatokea manung'uniko. Msichana mmoja mwenye pengo aliweka mikono kiunoni akamweleza kwamba samahani, shangazi, hicho ni kiti cha kamanda, na leo ilikuwa zamu yake.

Sajini akasema leo kamanda ni mgeni wa heshima. Wakakubali, kwa shingo upande.

Njiani ndipo mke alipoelewa. Kila kona, kila njia panda, Sajini alipunguza mwendo, akauliza kwa sauti ya gwaride: "Kushoto?" Na yeyote aliyekaa kiti kile alipaswa kuchungulia, kusikiliza, kisha kujibu kwa nguvu: "Kushoto salama!" au "Kushoto subiri!" Watoto wengine walikuwa wamekatazwa kusema, kamanda ni mmoja. Waliupenda mchezo huo kiasi kwamba hata nyumbani, watoto wa mtaa mzima walikuwa wakikimbizana wakipiga kelele kushoto salama, kushoto salama, na yeye fundi, akishona mlangoni, alikuwa akijiuliza wimbo huo umetoka wapi.

Ulitoka hapa. Mumewe alikuwa amepata sikio lingine. Alikuwa ameliazima kwa watoto wa watu.

Mara ya kwanza alijibu. "Kushoto salama." Watoto wakapiga makofi. Mara ya pili alijibu. Mara ya tatu alichungulia mara mbili kabla ya kujibu, maana aliona jinsi mumewe anavyogusa tu kioo kwa macho kisha anakwenda, anakwenda kabisa, kwa neno lake. Leo neno hilo lingekuwa la yule mwenye pengo.

Wakafika kwenye kivuko cha reli.

Kushoto hapakuonekana. Kulikuwa na ukuta mrefu wa ghala uliofika karibu kabisa na reli, na reli yenyewe ilikuja ikipinda kutoka nyuma yake. Sajini alisimama mbali, kama sheria inavyotaka, akavuta breki ya mkono, akazima injini ili kamanda asikie vizuri. Alijua kazi yake, msimlaumu kwa hilo. Lakini lori la mchanga lilikuja kujipenyeza upande wa dirisha lake, likasimama ubavuni likiunguruma, na sikio la kulia nalo likajaa mchanga wa ile kelele.

"Kushoto?" aliuliza Sajini.

Mkewe aliisikia honi ya treni. Ilikuwa bado nyuma ya ghala, ndefu, yenye kukwaruza. Watoto nao waliisikia; alisikia pumzi zao zinavutwa. Lakini sheria ya mchezo ilikuwa sheria. Wakaziba midomo kwa viganja, wakamtazama kamanda.

Yeye alimtazama mumewe.

Hakuna kilichotikisika kwenye uso ule. Hata kope. Sajini alikuwa ametulia, mkono mmoja juu ya ufunguo, anangoja.

"Kushoto?" akauliza tena.

Angesema subiri, wangesubiri, treni ingepita, wangefika nyumbani, na kesho yule mwenye pengo angekaa hapa. Ndivyo alivyowaza. Akafunga mdomo.

"Kamanda, jibu," alinong'ona mtoto mmoja nyuma, machozi yakimlengalenga.

Hakujibu. Alikuwa anasema ndiyo kwa mume huyu tangu siku ya ndoa, kwa kuhama kambi, kwa kulala peke yake, kwa kila kitu. Hili alikataa kulisema.

Sajini aligeuka kumtazama, na alipokuwa amegeuka, treni ilitokea nyuma ya ghala, ikapita mbele yao, behewa kwa behewa, vumbi likagonga vioo. Aliiona kwanza kwenye macho ya mkewe, kisha akageuza kichwa akaiona yenyewe. Aliitazama yote mpaka mkia.

Lori likaondoka. Magari ya nyuma yakapiga honi. Sajini aliwasha injini, akalisogeza gari pembeni, kwenye uwazi wa kando ya ghala, akazima. Akachomoa ufunguo.

Aliushika kwenye kiganja kwa muda. Kisha akauweka kwenye mapaja ya mkewe.

"Wapigie shule," alisema. "Waambie walete dereva mwingine. Waambie sababu."

"Mume wangu..."

"Na yule dada wa kodi, mwambie aandike nilistaafishwa." Neno lilimtoka kwa shida, lakini lilitoka lote, na mkia wake. "Pensheni bila mkato itatutosha kula. Udereva basi. Kesho nipeleke kwa hao madaktari."

Hakulia. Ila alitoa kofia yake ya dereva, akaikunja katikati, akaikunja tena, mpaka ikawa ndogo ya kutosha mfuko wa shati.

Mke alipiga simu shuleni. Mwalimu mkuu alisikiliza mpaka mwisho, akasema dereva mwingine yuko njiani, na kwamba Sajini asiripoti kesho. Alisema hivyo kwa upole. Kazi ikawa imekwisha, hapo hapo, kando ya ghala, watoto wakiwa wamejaa nyuma wakigawana pakiti ya biskuti.

Na katikati ya uchungu ule, fundi alihisi kitu chepesi kikimpitia. Wamepoteza kimoja, lakini wamebaki na kimoja. Nyumba itabaki. Na leo usiku, alijiambia, kitanda kitageuzwa. Nitalala kulia.

Simu ikaita mkononi mwake.

Alikuwa ofisa wa kodi. Sauti yake ilikuwa na haraka. Alikuwa amepanda ghorofa ya juu, jalada lilikuwa mbele yake, na mwanzo wake ulikuwa mzuri kuliko alivyotarajia. Kombora limo. Damu ya sikio imo. Hospitali imeandika arudi kuangaliwa. Mtu angesoma mpaka hapo, alisema, angegonga muhuri bila kuuliza.

"Asante Mungu," alisema mke wa Sajini. "Dada, mwenzangu amekubali. Na kazi ameshaiacha, sasa hivi tu."

Upande wa pili karatasi zikaacha kufunuliwa.

"Ameshaiacha?" aliuliza ofisa. "Mama, ungeningoja."

"Kwa nini?"

"Kuna mtu wa ustawi alikuja kwenu. Kabla mumeo hajaondoka jeshini. Alikuja kuuliza nyumbani kama mzee anasikia, kwa sababu hospitali ilikuwa na wasiwasi. Nakusomea alichoandika."

Na kabla hajasomewa, alikumbuka. Kijana mpole wa pikipiki, aliyeombwa kukaa kwenye kigoda kati ya vitambaa. Yeye alikuwa na haraka ya sare za watu na pini mdomoni. Kijana aliuliza maswali mengi ya kawaida, wanakula vizuri, wanalala vizuri, na huyu bwana masikio yake vipi. Na yeye alicheka, na kijana akacheka, na kijana akaandika huku bado anacheka, akamsogezea kalamu.

"'Mke wa askari anathibitisha,'" ofisa alisoma, "'kwamba mume wake anasikia vizuri sana, ila anasikia anachotaka.' Chini kuna sahihi. Ni yako, mama?"

Aliutazama ufunguo kwenye mapaja yake.

"Nisikilize," alisema ofisa, na sasa sauti yake ilikuwa ya mtu anayeomba. "Bodi haijui utani. Bodi itauliza kitu kimoja: ulisema uongo wakati ule, au unausema sasa ili mkwepe kodi? Na mtu wa kulijibu hilo si mzee. Ni wewe."

Simu ilibaki sikioni ingawa ilikuwa imeshakatika.

Nyuma, watoto walikuwa wamenyamaza. Waliona uso wake. Sajini naye aliuona. Kwa mazoea alianza kuitazama midomo yake, akakuta haisogei. Basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya tangu wakae pamoja. Alijigeuza mwili mzima kwenye kiti, goti likagonga usukani, mpaka uso wake ukaelekea nyuma, kwa watoto, na sikio lile zima, la kulia, likawa sawasawa na mdomo wa mkewe.

"Sema, mama watoto," alisema, akitazama vumbi la treni likitua kwenye kioo cha nyuma. "Nimekupa la kulia. Wamesemaje?"